Mwuza Juzuu na Mwalimu wa Chuo

Katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, Imamu Nawawi alishika kauli kwamba kununua msahafu hakuna ubaya ila kuuuza ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza ingawa halikuharamishwa. Biashara haikusimama kwa kauli hiyo, na ni heri haikusimama, kwani mtoto wa chuoni, yaani chuo cha Kurani, huanzia Juzuu Amma, kile kijitabu chembamba chenye sura 37 za mwisho wa Kurani, ambacho kurasa zake hujikunja pembe na kufifia kwa kupitiwa na kidole kila siku, hata ikalazimu kununua kingine.

Hata hivyo, linalostahili kuchunguzwa zaidi ya bei ni ule uhusiano unaokifikisha kitabu chuoni. Mzazi ndiye mlipaji lakini aghalabu si yeye anayechagua. Mchaguzi ni mwalimu, na kwa hiyo mwenye duka hujenga naye ujirani mwema. Mara nyingi ujirani huo husimama juu ya mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, ambapo mwalimu hugawa juzuu na vitabu vya sala, hulipa kadiri wazazi wanavyotoa, na vilivyobaki huvirudisha dukani. Anayebeba hatari hapo ni mwenye mali, naye ameibeba kwa hiari yake.

Shaka huingia pale mwuzaji anapompa mwalimu fungu la siri kwa kila nakala na kuliita hadiya, yaani zawadi. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka aliyerudi na mali akidai kwamba sehemu yake amezawadiwa, naye Mtume akauliza kama angeletewa zawadi hiyo lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake. Mwalimu si mtumishi wa dola, na ada za chuo, ikiwa zinalipwa, ni haba mno, hivyo hoja ya kumfidia si ya kubezwa. Tena fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, haimnyimi dalali ujira uliokubaliwa waziwazi. Lakini mzazi huyu hakukubaliana na yeyote, wala hajui kwamba kitabu kilichopendekezwa kwa mwanawe huenda kimependekezwa kwa sababu ya fungu, ilhali dukani kipo kingine chenye herufi kubwa zaidi na bei nafuu.