Kumtafutia Mtoto Mwalimu wa Saikolojia

Mzazi wa Moshi akitaka mwalimu wa tuisheni wa fizikia au hesabu kwa mtoto wa kidato cha tano, hahangaiki sana. Atauliza kazini, atauliza jumuiya, na kabla ya Jumapili nyingine atakuwa na majina matatu mkononi. Mkoa huu una sekondari za siku nyingi, Old Moshi, Umbwe, Weruweru, Kibosho, na walimu wa PCM, PCB na HGL wapo kuanzia Majengo hadi Marangu. Akitaka mwalimu wa saikolojia, anaanza kupigiwa simu za pole. Somo hilo halimo katika tahasusi tulizozizoea za kidato cha tano na sita, na mwalimu wa kawaida alikutana nalo chuoni tu, alipokuwa akisomea ualimu, kisha akarudi kwenye kemia yake au historia yake.

Kwa sasa wanaobanwa zaidi ni wazazi wenye watoto wanaosoma diploma ya kimataifa ya IB. Moshi inayo shule ya namna hiyo tangu zamani: ile iliyoanza mwaka 1969 kwa jina la International School Moshi, wakati wa kuanzishwa kwa hospitali ya KCMC, na ambayo tangu 2019 inaitwa UWC East Africa. Saikolojia ni miongoni mwa masomo ya mtaala wa IB. Ngazi yake ya juu imepangiwa saa 240 za kufundishwa ndani ya miaka miwili, ngazi ya kawaida saa 150. Mtoto akiteleza humo, jirani anayefundisha biolojia hamwokoi kwa notsi za wikiendi moja.

Wapo wazazi ambao jambo la kwanza ni kumuuliza mtoto saikolojia itampeleka wapi. Swali hilo lina mizizi. Huku mlimani watu wamesomeshwa na kahawa. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, kikafuata chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na fedha ya kahawa ikalipa ada za familia nyingi. Mzee aliyebeba magunia ili mwanawe asome alitaka kumwona daktari, mhandisi, mhasibu. Lakini mtoto akishachagua somo, na mzazi akasaini fomu, mjadala huo umekwisha kwa miaka miwili. Kinachobaki ni kumsimamia asome sawasawa.

Na kusimamia si kulipa tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inamtwika mzazi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na mwongozo. Elimu na mwongozo vimewekwa pamoja, na katika orodha hiyohiyo ipo haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Mzazi anayemjazia mtoto tuisheni Jumatatu hadi Jumamosi, kisha akasema ametimiza wajibu wake, ametimiza nusu na kuvunja nusu.

Wachagga wa zamani hawakumkabidhi kijana kwa mtu yeyote tu. Mafundisho ya jando yalikuwa na mpangilio wake, na katika baadhi yake ilitumika mregho, fimbo iliyochanjwa alama zilizoshika mafunzo. Mmisionari Bruno Gutmann aliyaandika mafundisho hayo yakajaza majuzuu matatu, yaliyotoka kati ya 1932 na 1938. Sisemi turudi kwenye mregho. Nasema wazee wetu walijua kwamba anayefundisha kijana namna ya kuwa mtu anatakiwa kuchunguzwa na ukoo kabla hajafungua mdomo, na somo la saikolojia linagusa hapohapo: akili, hisia, hofu, mapenzi, ugonjwa, nyumba ambayo mtoto ametoka.

Uchunguzi huo nitauanzia kwenye somo lenyewe, maana wazazi wengi hatukulisoma na tunaona haya kuuliza. Saikolojia ya kiwango hiki si ushauri nasaha, wala si hotuba za kutia moyo. Ni somo la ushahidi. Mwanafunzi anasoma utafiti uliofanywa, anaeleza ulifanywaje, kisha anaupima: waliochunguzwa walikuwa nani, kilichopimwa kilipimwaje, na matokeo yanaweza kusemwa juu ya watu wangapi nje ya chumba kile.

Kuna utafiti mmoja ambao karibu kila mwanafunzi wa somo hili hukutana nao, wa Elizabeth Loftus na John Palmer, wa mwaka 1974 huko Marekani. Wanafunzi 45 wa chuo walionyeshwa filamu fupi za ajali za magari, halafu wakaulizwa mwendo wa magari hayo. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipobamizana walikadiria, kwa wastani, maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kuhusu kugusana walitaja 31.8. Filamu zilikuwa zilezile.

Sasa keti sebuleni umsikilize mwalimu unayemjaribu. Mwalimu wa kukariri atamwandikia mtoto majina, mwaka na namba, atampa desa, ataondoka. Mwalimu unayemtafuta atamuuliza mtoto: tuseme bodaboda imegongwa na Noah pale Kiboriloni, polisi wa usalama barabarani amefika, anaanzaje kuuliza mashahidi? Akiuliza kwa neno kali, atapata mwendo gani kwenye daftari lake? Atamwacha mtoto ahangaike kidogo. Kisha atageuza: hao 45 walikuwa wanafunzi, walitazama filamu wametulia kwenye viti, hakuna damu, hakuna aliyemjua majeruhi. Je, mama muuza ndizi aliyeona ajali kwa macho yake, mita kumi kutoka kwenye meza yake, atayumbishwa na neno vilevile? Mtoto akianza kubishana naye kwa hoja, umepata mwalimu. Huhitaji kujua saikolojia kuliona hilo. Unahitaji kukaa pale somo zima, simu ikiwa pembeni.

Kipimo kingine ni kama mwalimu anaweza kumwonyesha mtoto kwamba sayansi hii haikuandikwa yote mbali na kwao. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anatembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala, familia 26 zenye watoto wachanga 28, kwa miezi mingi. Alikaa na akina mama, akatazama mtoto anavyolia mama akiinuka, anavyotambaa kwenda mbali kidogo kisha akageuka kuhakikisha mama yupo. Aliona kwamba mama aliyemjua mwanawe kwa undani, anayeweza kueleza mambo madogo madogo ya mtoto huyo, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye utulivu. Kitabu chake kilitoka 1967, na vitabu vya somo hili duniani kote vinamtaja Ainsworth, ingawa vingi vinaruka haraka kwenda kwenye kazi aliyoifanya baadaye Baltimore. Na kwetu hapa, Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Kilimanjaro, alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto na malezi ya Wachagga, chenye michezo ya watoto, maigizo yao na uhusiano wao na wazazi. Mtoto wa Machame anayesoma juu ya makuzi ya binadamu bila kuambiwa hayo ananyimwa chake.

Pa kumpata mtu wa namna hiyo pako. Anza shuleni, kwa mwalimu wa somo mwenyewe. Mara nyingi mtoto haombi msaada ambao angepewa bure baada ya vipindi. Kisha nenda vyuoni. Mwenge, chuo kikuu cha Kanisa Katoliki hapa Moshi, kinaandaa walimu, na panapoandaliwa walimu pana wahadhiri wa saikolojia ya elimu. KCMC kuna watu wa afya wanaoijua akili upande wa ubongo na tiba. Wahitimu wa saikolojia wa Dar es Salaam na Dodoma wametawanyika nchini, na wengine ni ndugu zetu. Mwezi Desemba, watu wanapopanda mlimani kuhesabiwa na ukoo, kihamba cha familia kinajaa shangazi na binamu wenye shahada ambazo hatujawahi kuwauliza ni za nini. Waulize. Binamu huyo akirudi Dodoma, Januari anaweza kuendelea kwa video, kompyuta ikiwa juu ya meza ya sebuleni, si chumbani.

Yeyote utakayempata, muulize anaufahamu mtaala upi. Mtaala wa saikolojia wa IB umebadilishwa: walioanza 2025 watafanya mtihani wake wa kwanza 2027, na umepangwa upya kufuata dhana na miktadha. Mwalimu mwenye rundo la pepa za miaka ya nyuma anaweza kumtayarisha mtoto kwa mtihani ambao haupo tena. Hili wazazi wengi wanalikosa kwa sababu rundo la karatasi linatupa imani.

Nifike kwenye jambo linaloniumiza kuliko yote. Somo hili lina kazi ya utafiti ambayo mwanafunzi anaiandika mwenyewe, na alama zake zinaingia kwenye matokeo ya mwisho. Wapo walimu wa tuisheni wanaokubali kuiandika, na wapo wazazi wanaolipa wakijua. Kwa kanuni za IB, mwanafunzi akithibitika kuwasilisha kazi isiyo yake anaweza kunyimwa alama ya somo hilo, na bila alama hiyo diploma haitolewi. Hata asipokamatwa, mtoto amefundishwa na mzazi wake, ndani ya nyumba yake, kwamba jina lake linaweza kuwekwa juu ya kazi ya mtu mwingine. Huyo ndiye tutakayemkabidhi kesho ofisi ya ushirika, dawa za wagonjwa, fedha za kijiji. Mwalimu akidokeza tu kwamba "hiyo kazi niachie," mlipe ya siku hiyo, muage kwa heshima, asirudi.

Kuna pia usalama. Mwalimu afundishe mahali watu wanapita, mlango ukiwa wazi, awe mgeni au awe ndugu, awe mwanaume au mwanamke. Saa za jioni zisimpeleke binti wa Uru au kijana wa Kibosho barabarani giza limeingia, hasa Aprili, mvua za masika zinapoharibu njia na magari yanapungua. Mwalimu mwema hachukizwi na masharti haya.

Halafu, ndani ya somo, mtoto atasoma juu ya msongo, sonona, ukatili wa majumbani. Anaweza kujikuta anasoma habari za nyumba yake. Hapo mwalimu wa tuisheni si tabibu, na mzazi asimgeuze kuwa tabibu kwa sababu tu anajua maneno. Mtoto akibadilika, akikosa usingizi au akijitenga, mzungumze naye, na ikibidi mpelekeni hospitali, Mawenzi au KCMC. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure.

Nina ombi kwa wenzangu wa Moshi mliosoma saikolojia mkaishia kwenye benki, kwenye utalii, kwenye ofisi za halmashauri. Watoto wanaolihitaji somo hili si wengi, na nyinyi pia si wengi. Peleka jina lako kwa mkuu wa shule iliyo karibu nawe, useme uko tayari jioni mbili kwa wiki, na ukubali mzazi akae palepale akikusikiliza.