Tende Mbili, Kadi Mbili

Hebu fikiria, ndugu msomaji, mtu mwenye njaa kali amewekewa tende mbili mbele yake. Zinalingana kwa ukubwa, kwa rangi, kwa utamu, hata kwa umbali kutoka mkononi mwake. Ameruhusiwa kuchukua moja tu. Je, atakaa hapo mpaka afe, eti kwa sababu hana sababu ya kuipendelea hii kuliko ile?

Mfano huu aliutoa Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiajemi aliyefariki mwaka 1111, alipokuwa akibishana na wanafalsafa. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu huyo atachukua moja, maana hiyo ndiyo kazi ya hiari: kukitenga kitu na kingine kinachofanana nacho. Baadaye Ulaya wakamweka punda katikati ya marundo mawili ya nyasi, wakampachika jina la mwanafalsafa Buridan, na punda maskini akafa na njaa. Mimi naupenda zaidi ule wa tende. Kasoro yake ni moja tu: Al-Ghazali anaishia pale tende inapochukuliwa. Hakutusimulia kinachofuata, yaani yule bwana akishameza tende yake anavyoanza kuwaeleza watu kwa nini ile nyingine ilikuwa mbovu.

Hapa kwetu Nkwenda tende hizo zina majina. Moja inaitwa RTX 3060 ya kampuni ya Nvidia, ile yenye kumbukumbu ya GB 12. Nyingine ni RX 6600 ya AMD, yenye GB 8. Hizi ni kadi za grafiki, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili picha za gemu zichorwe kwa kasi bila kukwamakwama. Zote mbili zilitoka mwaka 2021, na siku zinatangazwa bei yake ilikuwa moja: dola 329. Kwenye gemu nyingi hazipishani sana. Kijana wa huku hazinunui mpya, anazisaka za mtumba, na akishazisaka wiki mbili tatu anageuka mtaalamu.

Nina washikaji wawili waliokubaliana kuchanga fedha waunde kompyuta moja ya maana. Usiku gemu, mchana kuhariri video za harusi. Mmoja anaendesha bodaboda na fungu lake amelikusanya kwa kukanyagia gia. Mwingine fungu lake linatoka kwenye kahawa ya mama yake. Tofauti hiyo iweke akilini, ndugu msomaji, tutairudia.

Wa bodaboda anataka Nvidia. Wa kahawa anataka AMD. Ubishi wao ulihamia kijiweni, na kijiweni ukapata washabiki. Sasa angalia mambo: rangi ya Nvidia ni kijani, rangi ya AMD ni nyekundu. Kwa Mtanzania hiyo imekwisha! Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zimeshatugawa tangu tumboni mwa mama zetu. Nimemsikia kwa masikio yangu jamaa ambaye hajawahi kuishika kadi ya grafiki akisema hawezi kuweka "kitu cha Yanga" ndani ya kompyuta. Alikuwa anatania, lakini siyo sana.

Siwacheki. Kuchagua kwa kupenda tu si dhambi. Kinachonikera ni uongo unaofuata. Mtu kapenda rangi, au kapenda kadi aliyonayo jamaa anayemwonea gere, kisha anatafuta sababu za kuivika mapenzi yake suti na tai. Na suti inayopendwa sana kijiweni ni ya maadili: huyu tajiri mnyonyaji, huyu mtetezi wa wanyonge.

Tuivue suti hiyo tuone. Ni kweli ufundi wa Nvidia uitwao DLSS, unaoikuza picha ndogo iwe kubwa bila kuilemea kompyuta, unafanya kazi kwenye kadi zao za RTX tu. Ni kweli pia AMD walipotoa wa kwao, FSR, mwaka 2021, waliuacha wazi hata mwenye kadi ya mshindani autumie. Washabiki wa nyekundu wanapiga makofi: huo ndio utu! Haya. Machi 2025 ikatoka FSR 4, nayo ikatolewa kwa kadi zao mpya za RX 9000 peke yake. Ukarimu wa aliye nyuma sokoni upimwe kwa tahadhari. Mwenye duka dogo hukupa nyongeza ya sukari kwa sababu jirani yake ana duka kubwa.

Na hao mahasimu wenyewe ni akina nani? Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, na Lisa Su, mkuu wa AMD, wote wamezaliwa Taiwan, na ni ndugu wa ukoo mmoja kwa upande wa mama. Tangu mwaka 2022 kadi zao nyingi mpya za gemu zinatumia vipande vikuu vinavyotengenezwa na kampuni moja huko huko Taiwan, TSMC. Sisi tunatoana macho kwenye benchi la Nkwenda kwa ajili ya watu ambao kwenye msiba wa ukoo wangekaa mkeka mmoja.

Kuna jingine lililo karibu zaidi na sisi. Vile vipande vidogo kwenye kadi vimeshikizwa kwa lehemu, na lehemu hiyo sehemu yake kubwa ni bati. Wilaya yetu ya Kyerwa ina bati, limechimbwa tangu enzi za Mwingereza, na mpaka leo wapo vijana wa rika letu wanaolitafuta kwa sururu na koleo. Bati likishaingia tanurini linachanganyika, hakuna wa kukuambia hili ni la kilima kipi. Kijani na nyekundu vyote vinalihitaji. Kijiweni sijamsikia hata mmoja akibishana kuhusu bei ya kilo ya bati.

Sasa turudi kwenye yale mafungu mawili. Msimamo wangu ni huu. Kijana wa bodaboda ana haki ya kusema "nimeipenda" akaishia hapo. Jasho ni lake, hiari ni yake, kama yule wa tende. Lakini huyu mwingine hana haki hiyo. Fedha yake iliinamiwa na mtu mwingine: imepaliliwa, imechumwa, imeanikwa, imekusanywa mvua ilipotishia. Ukitumia jasho la mwenzako unadaiwa sababu, tena sababu ambayo mwenyewe anaweza kuishika na kuipima. Habari za GB 12 na GB 8 mama haziwezi kumfaa. Ukimrushia maneno ya kitaalamu ili anyamaze, hujamshawishi, umemzuga.

Wapo watakaosema mama wa shambani atajuaje mambo ya kadi za grafiki? Nilikuwepo siku mshikaji alipokwenda kumweleza. Tulimwamkia, tukakaa, akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kijani na nyekundu zote. Kisha akauliza: "Hicho kitu kinakula umeme kiasi gani, mwanangu?"

Wiki nzima ya ubishi, na swali hilo hakuna aliyeliuliza! Tukachukua karatasi. Zikifanya kazi kwa nguvu zote, RX 6600 inakula wati 132, RTX 3060 wati 170. Tofauti ni wati 38. Kwa saa sita kila siku, siku thelathini, ni karibu yuniti 7 za Luku kila mwezi. Mshikaji akatabasamu, nyekundu imeshinda. Lakini wa bodaboda naye akapata la kusema, na safari hii lilikuwa la haki: programu nyingi za video na za kuchora zimejengwa kwa kutegemea CUDA, ufundi wa Nvidia wa tangu mwaka 2007, ambao haumo kwenye AMD, na zile GB 12 zitafaa kwenye video nzito. Harusi ndizo zitakazolipa deni, si gemu. Yuniti 7 zinaweza kurudi kwa harusi moja.

Kwa mara ya kwanza nikawasikia wakisema vitu ambavyo vingeweza kuwa kweli au uongo.

Mama akasikiliza na hilo. Akauliza la pili: "Na hizo harusi ni ngapi kwa mwezi?"

Wakatazamana. Kesho yake asubuhi walipanda pikipiki kwenda kuwauliza wapiga picha wa Kayanga. Hadi naandika makala haya, kadi bado haijanunuliwa.