Kanuni Inakataza Nini?

Mtoto akirudi shule tunamuuliza, "Leo mmesoma nini?" Naye hutaja mada: sehemu, ngeli, usanisinuru. Hajadanganya, ila ametaja kilichofundishwa, na hicho si lazima kiwe ndicho alichojifunza. Hata andalio la somo huchanganya mambo hayo mawili, maana humtaka mwalimu aandike mapema mwanafunzi ataweza nini kipindi kikiisha.

Tofauti hiyo naiona katika kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Sekondari ya Magamba. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo wayaweke kwenye jokofu. Siku moja nafasi ikagombaniwa, na Mpemba akaingiza ya kwake yangali ya moto, wakati mmoja na mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa. Baada ya saa moja na nusu hivi ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito tu. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa.

Wengi huisimulia habari hii kama sifa ya kijana asiyekata tamaa. Linalonishika mimi ni lililotokea baadaye katika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alipofundishwa kanuni ya Newton ya kupoa. Kwa kanuni hiyo, kitu cha moto zaidi hupoteza joto kwa kasi zaidi, lakini kasi hupungua kadiri kinavyopoa. Maji ya nyuzi 70 hayana budi kufika kwanza nyuzi 30, na yakifika hapo, yale yaliyoanzia 30 yameshatangulia. Ikiwa joto ndilo jambo pekee linalohusika, ya moto hayawezi kamwe kuyapita ya baridi. Mpemba akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Nani basi alijifunza kanuni ya Newton katika darasa lile? Kuiandika daftarini na kupatia swali la mtihani kila mmoja aliweza. Lakini kanuni hueleza kitakachotokea kwa kukataza mengine yote, na asiyeona inakataza nini hajaielewa, hata aikariri neno kwa neno. Mpemba aliona, kwa kuwa jambo lililokatazwa alikuwa ameshalishuhudia kwa macho yake.

Sisemi kwamba mtaa unaushinda ubao. Rafiki wa Mpemba aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alikwisha kumwambia kwamba huweka mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Kwa muuzaji ile ilikuwa mbinu ya kazi. Ili igeuke swali la fizikia, ilihitaji kukutana na kanuni inayoikana, na kanuni hiyo Mpemba aliipata darasani, kwa mwalimu yuleyule wa Mkwawa aliyemkatisha. Namheshimu mwalimu huyo kwa nusu aliyoitoa, na inaniuma kwamba hakuitambua nusu ya pili ilipoletwa mbele yake.

Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lilelile huku wenzake wakimcheka. Osborne akaahidi kulipima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya wasipate ushahidi wa kuridhisha. Je, kama wao ndio wako sahihi, Mpemba hakujifunza kitu? Anayeona elimu ni kuweka ukweli akiba kichwani atalazimika kukubali hivyo. Mimi nakataa. Ili wampinge, watafiti hao ilibidi wajiulize kuganda kuhesabiwe tangu lini na kipimajoto kikae wapi, na wakakuta kwamba kukihamisha sentimita moja tu juu au chini ndani ya maji kunatosha kuyapotosha matokeo. Hayo hayakuwamo katika andalio la somo la mtu yeyote. Aliyeyafungulia njia ni mwanafunzi aliyekataa kuifuta kanuni kwa ajili ya aiskrimu, au aiskrimu kwa ajili ya kanuni.