Mpenzi, Shabiki na Haki ya Kuondoka

Yapo maswali ya maadili ambayo hayajitambulishi kuwa ni ya maadili mpaka mtu ayakaribie. Mtu ameupenda mchezo fulani kwa miaka thelathini. Ameufuata juani na mvuani kwa nauli yake mwenyewe. Amewafundisha wanawe majina ya mashujaa wake. Siku moja anatambua kwamba haumshughulishi tena. Hakugombana na mtu, wala hakutangaza lolote. Ameacha tu. Je, amekosa? Yuko anayemdai? Au mapenzi ya namna hii ni mfano wa kanzu, mtu huivaa apendapo na kuivua achokapo?

Nakusudia kulichungua swali hili kwa mfano wa mbali, wa Marekani, kwa kuwa huko jambo lenyewe lilitokea hadharani na tarehe zake zinajulikana. Mfano huo ni mbio za magari ya kiti kimoja, yale membamba ambayo magurudumu yake manne yako nje ya bodi. Wasomaji waliozoea habari za Safari Rally wasiyachanganye: magari haya hayakimbizwi katika njia za vumbi na matope, na shindano lao lililo kubwa kuliko yote ni lile la maili 500, yaani kama kilomita 800, katika uwanja wa Indianapolis, jimbo la Indiana.

Uwanja huo ulijengwa mwaka 1909, na mwaka uo huo ukatandikwa matofali zaidi ya milioni 3. Shindano la kwanza la maili 500 lilifanywa mwaka 1911, akashinda Ray Harroun. Tangu hapo halikukoma ila katika miaka ya vita vikuu viwili. Baada ya vita vya pili uwanja ulikuwa umeota magugu, na mwaka 1945 mfanyabiashara mmoja wa Indiana, Tony Hulman, akaununua na kuufufua. Kwa jamaa wengi wa majimbo yale kwenda Indianapolis mwezi wa Mei kukawa mila: babu alikwenda na mwanawe, mwana naye akaja kwenda na wake, na aghalabu walikalia viti vile vile.

Hapa walimu wenzangu wataniruhusu nisimame kidogo penye maneno. Zamani tulizoea kusema "mpenzi wa mpira", "wapenzi wa taarabu". Siku hizi neno "shabiki" limelisukuma lile la kwanza pembeni karibu kila mahali, na wengi huyatumia kana kwamba yana maana moja. Mimi naona yana tofauti yenye faida. Shabiki ana upande: humshabikia huyu dhidi ya yule, na pasipo mshindani ushabiki wake hauna kazi. Mpenzi hana haja ya upande. Huupenda mchezo wenyewe, na hata yule amtakiaye heri akishindwa kwa haki, aweza kurudi nyumbani ameridhika. Bila shaka mtu mmoja huweza kuwa yote mawili kwa wakati mmoja. Lakini nadhani mapenzi ndiyo yamletayo uwanjani mara ya kwanza, na ndiyo yamrudishayo mwaka wa pili.

Jambo linalosemwa upesi juu ya wapenzi walioziacha mbio hizo ni kwamba hawakuweza kuvumilia mabadiliko. Hoja hiyo ni rahisi, tena si kweli. Wayunani wa kale walikuwa na fumbo la merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja mpaka haukubaki hata mmoja wa asili, wanafalsafa wakabishana kama ni merikebu ile ile. Fundi wa majahazi angelicheka fumbo hilo, kwa kuwa anajua kwamba jahazi lisilobadilishwa mbao huzama. Uwanja wa Indianapolis nao ulibadilishwa mbao. Matofali yalifunikwa lami kidogo kidogo, na mwaka 1961 ukabaki ukanda mmoja tu wa upana wa yadi moja penye mstari wa kumalizia. Mwaka uo huo Jack Brabham wa Australia alikuja na kigari cha Cooper chenye injini nyuma ya dereva, hali magari ya wenyeji yalikuwa makubwa na injini zake zilikuwa mbele. Mwaka 1964 A. J. Foyt alishinda kwa gari la mtindo wa kale. Mwaka uliofuata Jim Clark, Mskoti, akashinda kwa Lotus yenye injini nyuma, na gari la injini mbele halikushinda tena kamwe. Mwaka 1967 Parnelli Jones alikuja na gari lenye injini mfano wa ile ya helikopta, akaongoza karibu siku nzima, mpaka beringi moja ilipovunjika ikiwa imebaki mizunguko michache tu kati ya 200.

Katika muda wa miaka saba hivi chombo kizima kiligeuka, na watazamaji hawakuondoka. Kwa nini? Kwa sababu kila badiliko lilishindaniwa mbele yao. Aliyelipenda gari la zamani aliliona likishindwa kwa macho yake mwenyewe, juu ya lami ile ile, saa ikiwa shahidi. Aliweza kuhuzunika, lakini hakuweza kusema amedhulumiwa. Na hata gari la Jones, ambalo wengi waliliogopa, lilishindwa mle mle uwanjani.

Mabadiliko ya mwaka 1996 yalikuja kwa njia nyingine. Tangu 1979 mfululizo wa mbio hizi ulikuwa ukiendeshwa na chama cha wenye timu wenyewe, kilichoitwa CART, ilhali uwanja wa Indianapolis ulibaki mali ya jamaa ya Hulman. Mwaka 1994 Tony George, mjukuu wa Hulman, akatangaza kwamba ataanzisha ligi yake, Indy Racing League. Si haki kumfanya mtu huyu jini wa hadithi, kama wengi walivyofanya. Alisema kwamba gharama zimepanda mno, na kwamba vijana wa Kimarekani waliokulia katika viwanja vidogo vya udongo hawapati nafasi tena. Ushahidi ulikuwapo mlangoni pake. Jeff Gordon, kijana aliyekulia Indiana, alikwenda kwenye mbio za magari yenye bodi kamili, zile za NASCAR, na mwezi wa Agosti 1994 akashinda shindano la kwanza la magari hayo lililofanywa katika uwanja ule ule wa Indianapolis. Mwenye macho hangeweza kusema hapana tatizo.

Lakini dawa iliandikwa ofisini. Iliamriwa kwamba kati ya nafasi 33 za kuanzia shindano la Mei 1996, nafasi 25 zitengwe kwa madereva wa ligi mpya. Wenye timu wa CART wakasusa, wakaandaa shindano lao la maili 500 huko Michigan siku ile ile, tarehe 26 Mei. Huko, kabla hata ya bendera ya kuanzia kupepea, magari kadhaa yaligongana mbele ya umati. Hatimaye akashinda Jimmy Vasser. Indianapolis akashinda Buddy Lazier, ambaye alikuwa na majeraha ya mgongo, ushujaa ambao katika mwaka mwingine wowote ungesimuliwa nchi nzima. Mwaka ule kila mshindi alitajwa pamoja na wale ambao hakushindana nao.

Tazama sasa walichotakiwa wapenzi wa mbio. Walitakiwa wawe mashabiki, tena si mashabiki wa dereva wala wa timu. Mtu alitakiwa ashabikie kamati! Akienda Indianapolis alihesabiwa kuwa amemkubali George. Akienda Michigan, amewakubali wenye timu. Wale ambao mila yao ilikuwa kiti kile kile mwezi wa Mei waliambiwa kwamba kiti hicho sasa ni kura.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika jambo hili methali inatosha nusu tu, maana nyasi hazina miguu. Wapenzi wanayo. Wengine walihamia NASCAR, wengine wakabaki nyumbani Jumapili. CART ikafilisika mwaka 2003, na mabaki yake yakaishi kwa jina la Champ Car mpaka Februari 2008, pande mbili zilipoungana. Nayo ligi iliyoundwa kwa ajili ya vijana wa Kimarekani haikuweza kumshika hata Tony Stewart, bingwa wake wa msimu wa 1996 na 1997: ilipofika 1999 alikuwa amekwenda NASCAR.

Wako wasemao kwamba mpenzi wa kweli hukaa hata siku za dhiki. Naiheshimu kauli hii, lakini naiona imechukuliwa kutoka mahali pengine. Timu ya kandanda ikishindwa misimu kumi, uaminifu wa mfuasi wake unajaribiwa, naye akikaa tunamsifu. Hapa hakuna aliyeshindwa. Kitu chenyewe kilipasuliwa, na kila kipande kikadai uaminifu wote. Uaminifu kwa kipi? Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, alieleza kwamba asiyeridhika ana njia mbili, kuondoka au kusema, na kwamba uaminifu ndio umcheleweshao kuondoka ili kwanza aseme. Wapenzi hao walisema sana. Lakini sauti huhitaji sikio, na kwa miaka kumi na miwili kila upande uliyasikia malalamiko yao kama ushahidi dhidi ya upande wa pili. Aliyekwisha kusema asisikiwe hana deni la kuendelea kukaa. Ana deni la shukrani kwa furaha aliyoipata zamani, nalo hulipwa kwa kumbukumbu. Shukrani si tikiti ya kila mwaka.

Hata hivyo nisiwapambe mno wapenzi hao wa kale, kwani wako ambao siwezi kuwatetea. Moja ya malalamiko yao makubwa ni kwamba mbio hizi hazivunji tena rekodi za mwendo. Ni kweli. Mwezi wa Mei 1996 Arie Luyendyk, Mholanzi, alizunguka mara nne kwa wastani wa maili 236.986 kwa saa, yaani kilomita 381, na hadi mbio za mwaka 2025 wastani huo ulikuwa haujavunjwa. Lakini mwezi ule ule, katika uwanja ule ule, Scott Brayton alikufa mazoezini, naye ndiye aliyekuwa amepata nafasi ya kwanza ya kuanzia. Wazee wanaozisifu enzi zao hawana budi kuhesabu pia. Mwaka 1964 Eddie Sachs na Dave MacDonald waliungua katika mzunguko wa pili. Mashindano ya mwaka 1973 yaligharimu maisha ya madereva wawili, Art Pollard na Swede Savage, na ya kijana mmoja mhudumu wa timu aliyegongwa na gari la uokozi. Baadaye yakaja mambo ambayo hakuna aliyelipa kiingilio ili ayaone: kuta zilizoundwa zipunguze kishindo, zilizoanza kutumiwa Indianapolis mwaka 2002, gari jipya la Dallara la mwaka 2012, lililopewa herufi za jina la Dan Wheldon, ambaye alikuwa amelifanyia majaribio kabla ya kufa katika mbio za Las Vegas mwezi wa Oktoba 2011, na kioo kinga mbele ya uso wa dereva tangu 2020.

Mtu anayeondoka kwa sababu hatari imepungua, simpi haki hata chembe. Furaha yake ilikuwa ikilipwa na wajane. Anayeondoka kwa sababu ubunifu umepungua namwelewa, maana tangu 2012 timu zote hutumia bodi ya aina moja, na fundi mwenye wazo kama lile la Brabham hana mlango wa kuingilia. Tabu ni kwamba sababu hizi mbili hukaa ndani ya kifua kimoja, na wengi hutamka ya pili huku moyoni wanayo ya kwanza. Ni nani awezaye kuzitenganisha isipokuwa mwenyewe, usiku, peke yake?

Mwaka 2008 wenye mali walipopatana, walishangaa kuona kwamba waliokwenda hawarudi. Mimi sioni cha kushangaza. Kusamehe ni tendo, na mtu aweza kuliamua asubuhi moja. Kupenda tena hakuamuliwi. Zaidi ya hayo, siku za Jumapili zilikuwa zimekwisha kupata kazi nyingine. Kweli, mwaka 2016, shindano la Indianapolis lilipotimiza mara 100, watu zaidi ya 300,000 walijaa uwanjani. Na tangu Januari 2020 uwanja na mfululizo wote vimo mikononi mwa Roger Penske, mmoja wa wale wenye timu walioanzisha CART. Lakini mbio nyingine za msimu hazipati umati kama huo. Wengi huja siku ile moja, kama watu waendao kuzuru kaburi la mzee wao, wakalisafisha, wakasoma dua, wakarudi makwao.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka sita pande hizo zilipoachana alikuwa na kumi na minane zilipopatana. Utoto wake wote ulipita baba akiwa hataki hata kuwasha redio mwezi wa Mei. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Akitaka kuwapeleka Indianapolis hakuna anayemzuia, na tikiti huuzwa kwa kila mtu. Ila watakapomwuliza kwa nini pale penye mstari pameachwa matofali, itampasa asome kibao kama mgeni mwingine yeyote.