Nani Alipie Mkutano Mkuu?

Je, zawadi isiyodai fadhila ni deni? Mwaka 1972 ilifichuka kwamba kampuni ya ITT, iliyokuwa na kesi ya ukiritimba na serikali ya Marekani, iliahidi kuchangia mkutano mkuu wa chama cha Republican, wa kumteua mgombea urais, mjini San Diego. Mkutano ukahamishiwa Miami Beach. Kuanzia 1976 hazina ya umma ikavipa vyama ruzuku ya mikutano, na kufikia 2012 kila chama kikuu kilipata takriban dola milioni 18. Mwaka 2014 ruzuku ikafutwa, fedha zikaelekezwa kwenye utafiti wa maradhi ya watoto.

Nani atabishana na mtoto mgonjwa? Na kweli, kwa nini mlipa kodi agharimie maputo ya kumshangilia mgombea ambaye tayari anajulikana? Ila gharama haikufa, ilibadilisha mlipaji tu: kamati za miji wenyeji hupokea michango ya makampuni isiyo na kikomo. Watetezi husema wafadhili hawadai kitu. Sawa, mwenye akili hadai. Hukaa chumba cha wageni maalumu juu ya ukumbi, akapeana mikono na maseneta, na baadaye simu yake hupokewa. Deni la namna hiyo halina risiti, hivyo hakuna mahakama ya kulipima. Heri ruzuku ndogo, na mkutano wa siku 1 badala ya 4.