Kushusha Injini

Mafundi wetu husema "kushusha injini". Nimelisikia neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kulihoji, hadi Desemba iliyopita nilipokaa uani kwetu Handeni nikitazama injini ya Land Rover ya marehemu baba ikitolewa. Haikushuka. Ilipanda. Ilining'inia kwenye mnyororo chini ya tawi la mwembe, ikidondosha oili nyeusi, ndipo ikasogezwa pembeni na kulazwa juu ya matairi mawili. Asubuhi ile nilidhani swali letu ni moja tu, la kumbukumbu. Jioni lilikuwa limegeuka kuwa swali la haki.

Nianze na gari lenyewe. Ni Series III, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Baba alilinunua mwaka 1978 likiwa limeshatumika. Wapenzi wa magari ya kale huko Uingereza huyasugua magari haya na kuyapeleka kwenye maonyesho. Kwetu lilikuwa gari la kazi. Anayeijua Handeni anajua kwamba shida ya maji ni hadithi ya miaka mingi. Gari letu lilibeba mapipa ya maji, mahindi ya shamba, wagonjwa, maiti, na mara mojamoja bibi harusi. Sisi watoto tulilitambua kwa mlio. Likiwa bado mbali, tuliacha mchezo na kusema, "Baba huyo!"

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku zake za mwisho alituita, mimi na kaka yangu, akasema: "Hilo gari lisiondoke hapa nyumbani. Mama yenu asikose usafiri." Sentensi mbili tu. Wakati ule hatukuona kwamba zinaweza kugombana.

Ziligombana injini ilipochoka. Ilikuwa inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na kilima kidogo tu kinaishinda. Kaka, anayeishi Korogwe, akaja na mpango: tutoe hiyo ya petroli, tuweke ya dizeli iliyotumika, isiyokula sana mafuta na yenye vipuri madukani. Ya zamani tumuuzie mzee mmoja wa Korogwe mwenye Land Rover kama yetu, ambaye bloku ya injini yake imepasuka. Yetu bloku ni nzima, yeye ataifanyia oveholi.

Nilikataa. Mimi ndiye wa Dar, mpenzi wa vitabu, ninayekuja Handeni mara mbili kwa mwaka. Niliona tunauza sauti ya baba. Kaka alinisikiliza kwenye simu mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, hiyo sauti unaisikia wewe uliye Dar. Mama anapanda bodaboda."

Basi nikaja. Hoja ya kuzuia sikuwa nayo tena, nilikuja kushuhudia tu.

Fundi alitoka Korogwe na vijana wawili, kilomita kama 65 za lami, wakiwa na winchi ya mnyororo. Waliondoa boneti, wakamwaga maji na oili, wakatoa uso wote wa mbele pamoja na rejeta ili injini ipate njia. Wakafungua ekzosi, kabureta, nyaya za stata na za distributa, kila waya ukifungwa kitambaa chenye alama. Kisha wakaingia ndani, wakang'oa sakafu ya miguuni, maana nati zinazoishika injini na gia boksi hufikiwa kutokea huko. Gia boksi ikawekewa jeki chini isije ikaning'inia. "Hapa ndipo watu wanapoharibu," alisema fundi. "Injini haipandi moja kwa moja. Kwanza unaivuta mbele, itoke kwenye shafti ya gia boksi, taratibu, ndiyo unainua. Ukiwa na haraka, unapinda shafti." Karibu kilo 200 zikapanda, kijana mmoja akivuta mnyororo kwa mkono.

Ilipotua juu ya matairi, fundi aliomba kadi ya gari. Kadi ina namba mbili, ya chesi na ya injini, na ukibadilisha injini unapaswa kwenda kubadilisha taarifa. Alifuta bloku kwa kitambaa chenye petroli, akasoma namba iliyogongwa pale. Nikaisoma ile ya kwenye kadi. Akarudia. Nikarudia.

"Hii siyo injini ya gari hili," akasema, wala hakushangaa.

Mama alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Siyo. Ile ya kwanza ilikufa mwaka themanini na tatu."

Kwa wasomaji vijana, niseme kidogo kuhusu mwaka huo. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni, na vipuri vilikuwa adimu kama dhahabu. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Ukikutwa na mali usiyo na risiti yake, unaweza kuishia ndani. Wapo waliotupa bidhaa zao usiku kwa hofu. Na mashamba ya katani, ambayo mengi yalikuwa ya umma tangu Azimio la Arusha la 1967, yalikuwa yanakufa. Zao lililotoa zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964 lilikuwa limeporomoka, na mitambo mingi imelala.

Katika mwaka huo baba alinunua injini kwa mtu wa mashamba ya katani, upande wa Korogwe. Ililetwa usiku, imefunikwa majani ya ng'ombe. Bila risiti. Mama hakujua kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. "Tusingeuliza," alisema. "Mwaka ule, mwanangu, kuuliza ilikuwa hatari kuliko kutojua."

Mimi nilizaliwa mwaka 1980. Kwa hiyo mlio nilioutetea kwa miezi kadhaa, ule ambao kwangu ulikuwa baba mwenyewe, ulikuwa mlio wa injini ya watu wengine.

Swali la kama kitu kinabaki kilekile kikibadilishwa viungo ni la kale sana. Plutarch anasimulia kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kutoa ubao uliooza na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni ileile. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akaongeza ugumu: je, kama mtu angekusanya zile mbao kuukuu, akaziunga upya kwa mpangilio wake wa zamani? Zingekuwa merikebu mbili. Ya Theseus ni ipi? Nilipokuwa nasoma hayo chuoni niliyaona mchezo wa wasio na kazi. Sasa nilikuwa na gari Handeni lenye mwili wa baba, na muda si mrefu kungekuwa na gari Korogwe lenye sauti yake.

Sheria ina jibu jepesi: gari ni chesi. Lakini hakuna mtoto anayekimbilia chesi barabarani.

Jibu lililonisaidia zaidi nimelipata kwa jirani, kwa mzaliwa wa Tanga, Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, kaka wawili wa Adili wanageuzwa manyani. Sura imeondoka, maneno yameondoka. Bado Adili anajua ni nduguze, kwa sababu wajibu kati yao haukugeuka pamoja na miili. Nadhani hata vitu vyetu viko hivyo. "Hilo gari", kwa baba, lilikuwa kile kinacholeta maji na kumfikisha mama aendako. Yeye mwenyewe alikwisha kulitoa moyo na kulitia mwingine, na akaendelea kuliita "gari langu". Kumbe sentensi yake ya pili ndiyo inayoeleza ya kwanza. Gari lisiondoke, ili mama asikose usafiri. Kuliacha limesimama chini ya mwembe na injini yake "halisi" kungekuwa kutii maneno na kumwasi msemaji.

Lakini usidhani nilipumua hapo. Maana baba alifanya mambo mawili: alibadilisha injini, na akaficha. Nami nilitaka kuyafunga yote mawili katika msamaha mmoja. La kwanza halihitaji msamaha. La pili ndilo lililonikosesha usingizi.

Kuficha kwa mwaka 1983 sithubutu kukuhukumu. Nyumba ilikuwa na watoto wadogo, na hofu ilikuwa ya kweli. Ila zilipokuja namba mpya za magari, hizi za T, baba alijaza fomu upya, na kwenye nafasi ya namba ya injini akaandika ileile ya zamani. Hofu ilikuwa imekwisha miaka mingi. Uongo uliozaliwa na hofu ulikuwa umebaki peke yake, umeshakuwa mazoea.

Usiku ule kaka alinivuta pembeni. "Kesho kwa yule mzee, habari za namba usizitaje. Anachotaka ni bloku nzima, na bloku ni nzima. Ukimwambia atashusha bei, na hiyo hela ndiyo ya injini ya mama. Halafu unamvua nguo baba, kaburini."

Sikuwa na jibu la haraka, na nakiri hoja yake ni nzito. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, na ni desturi nzuri, kwa sababu marehemu hana nafasi ya kujitetea. Nilimwuliza kitu kimoja tu: yule mzee akishafunga injini kwenye gari lake, si naye atakwenda kubadilisha kadi? Atasimama dirishani, ataulizwa injini umeitoa wapi, atasema Handeni kwa fulani. Watafungua taarifa za gari letu, watakuta namba tofauti. Atasema nini?

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Mwaka 1983 ukimya wa baba uliwalinda waliomo ndani ya nyumba, na gharama yake aliibeba mwenyewe. Ukimya wetu ungelipwa na mtu asiyejua kwamba anadaiwa. Ni ukimya uleule kwa maneno, kama gari ni lilelile kwa namba za mbele na nyuma, lakini kazi yake imebadilika kabisa. Tumerithi gari. Halikuwa sharti turithi na siri yake.

Na ile haki ya umma, kama injini ilitoka kweli kwenye shamba la umma? Miaka arobaini imepita, na muuzaji hajulikani. Sina pa kuirudisha. Ninachoweza kukataa ni kuipitisha kwa mwingine kama mali isiyo na doa.

Kesho yake tuliipakia kwenye pikapu mpaka Korogwe. Mzee alitukaribisha, akaagiza chai. Nilimweleza yote: mwaka, usiku ule, majani, kukosekana kwa risiti. Alisikiliza, akaizunguka injini, akagonga bloku kwa spana. Akasema tuandikiane mbele ya serikali ya mtaa, ili siku akiulizwa awe na karatasi. Kisha akapunguza laki mbili.

Kaka hakusema neno njia nzima ya kurudi. Hizo laki mbili nilizitoa mfukoni kwangu, na alizipokea, ila mpaka leo anaamini nilikosea, na sababu zake si za kipuuzi. Nilinunua utulivu wangu, anasema, kwa jina la baba. Inawezekana. Nilimwuliza mama kama tumemwaibisha mzee. Alifikiri, akasema angekasirika sana, halafu angeuliza kama injini ya dizeli imeshapatikana.

Ilipatikana Januari. Mlio wake ni mzito na wa kugongagonga, sijauzoea, lakini watoto wa jirani wanaujua tayari. Wakiusikia wanakimbia kuleta ndoo. Taarifa za kadi zimebadilishwa. Sasa kadi na gari vinasema kitu kimoja, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1983.