Mtoto Apelekwe kwa Jirani

Zamani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kigego, na kigego hakuachwa aishi. Mbegha alikuwa kigego. Masimulizi yanasema wazazi wake walimficha huko Ungulu wakamlea. Walipokufa, ndugu wakamnyima urithi na kumfukuza. Akapanda milima ya Usambara na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya watu, akagawa nyama, wenyeji nao wakampa chakula cha shambani. Mwishowe wakampa binti zao na utawala wa Vugha. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, na wapo wazee wengi huku Lushoto wanaoyasimulia bila kukiona kitabu.

Husimuliwa kama sifa za mwindaji. Mimi huwafikiria zaidi wale wakulima. Walikuwa na kila sababu ya kumfungia mlango mtu asiye na ukoo, mwenye mikuki na mbwa. Walikula naye. Utayari wa namna hiyo hauji mtu akiwa na miaka arobaini. Analelewa nao, au anaukosa.

Na malezi hayo yana mipaka yake. Wana wa Mbegha walitawala kwa wajomba zao, kila mmoja upande wa mama yake, hata raia wakaona wanatawaliwa na mpwa wao. Ulikuwa ujanja mzuri, ila watoto wa baba mmoja walikua mbalimbali, kila mmoja na watu wake. Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa ukoo wa Mbegha, alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alipigana na Shekulwavu, mtoto wa kaka yake, na katika vita hivyo watu wa kawaida waliuzwa utumwani. Wajomba waliwajua, wao kwa wao hawakujuana vya kutosha.

Leo Lushoto imechanganyika kuliko enzi hizo. Msambaa, Mpare na Mmbugu wanauziana viazi na kabichi kwenye gulio moja, na ukoo mmoja una Mwislamu, Mlutheri na Mkatoliki. Katika dini tumejipatia taratibu. Mkristo akioza binti yake, alfajiri humtuma kijana akamwite jirani Mwislamu aje achinje. Jirani anafika na kisu chake, anamwelekeza ng'ombe kibla, anapiga bismillahi, na mtoto wa nyumba ndiye anayeshika kamba ya mguu wa nyuma. Anauliza kwa nini baba hakuchinja mwenyewe. Anajibiwa kwa maneno machache: ili Mzee Fulani na wanawe wale nasi. Mtoto huyo amepata somo la uraia asubuhi mapema, na hakuna aliyemwita darasani.

Katika siasa hatuna kamba ya kumshikisha mtoto. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na kizazi kilichozaliwa mwaka ule kina watoto wa shule sasa, lakini nyumbani bado tunazungumza kana kwamba mwenye kadi ya chama kingine ni mgonjwa au amehongwa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, na vifo vilivyoandamana nao, maneno yakawa makali zaidi: kwa huyu waliofia barabarani ni wahuni, kwa yule kila mwenye kofia ya kijani ya chama tawala ni muuaji. Watoto wako palepale, wanamenya viazi, wanasikia. Kesho yake ukimtuma mmoja kwa jirani akaazime turubai, anasitasita mlangoni. Wewe unadhani ni uvivu.

Sisemi mzazi afiche msimamo wake. Mtoto ana haki ya kujua baba anampigia kura nani na mama anampinga kwa lipi. Usambara si nchi ya watu wa kunyamaza: katika miaka ya 1950 wakulima walipinga kulazimishwa kulima matuta, wakabishana na machifu wao waziwazi, hadi mpango ule wa wakoloni ukaachwa. Kinachodaiwa kwa mzazi ni kutoa sababu na kuacha tusi. "Simuungi mkono kwa sababu ya bei ya mbolea" ni jambo ambalo mtoto anaweza kwenda kulipima na kulibishania. "Wale ni mbwa" halipimiki.

Kuna hoja dhidi yangu, nayo ni nzito. Mzazi wa leo anaogopa kumtuma mtoto nyumba asiyoifahamu, na ana haki ya kuogopa; tumesikia mengi ya watoto waliodhuriwa na watu waliozoeleka. Zamani tulimwachia kijiji kizima kazi ya ulinzi, na si kila mara kijiji kililinda. Basi mpeleke mwenyewe. Kaa naye barazani, unywe chai ya jirani usiyekubaliana naye, mtoto akiona mikono yenu. Inachukua muda, na wengi wetu tungependa kuilipia shule ya bweni itufanyie kazi hiyo.

Pa kuanzia ni msibani. Akifa mtu wa chama kingine, mchukue mtoto wa miaka kumi, mpe kazi ya kupanga viti, asaidiane na watoto wa marehemu. Njiani kurudi atauliza maswali, mengine ya kukutia aibu. Yajibu kabla hamjafika nyumbani.